Jiko la Gesi Katikati ya Nyumba: Hewa Inapita Wapi?

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, akishaipita Bunju, huona kuanzia Mapinga hadi Kerege na Zinga nyumba mpya zikiinuka katikati ya minazi na mikorosho. Ramani za nyingi kati ya nyumba hizo zinafanana katika jambo moja: jiko halipo tena uani. Limeingizwa ndani, likaunganishwa na sebule na mahali pa kulia chakula bila ukuta wa kuvitenga, na katikati yake pamejengwa kaunta yenye jiko la gesi lililozamishwa kwenye granaiti. Juu ya kaunta ya namna hiyo hakuna ukuta wa kutundikia kifyonza moshi cha kawaida. Kwa sababu hiyo baadhi ya wenye nyumba huagiza, aghalabu kutoka Dubai au Ulaya, jiko ambalo feni yake imefichwa chini, ndani ya kabati, ikivuta mvuke na harufu ya chakula kuelekea sakafuni kabla havijapanda.

Kifaa hicho hupendeza. Mpishi huwatazama wageni wake badala ya kuutazama ukuta, na dari haishiki masizi. Hata hivyo, kinakusanya mahali pamoja vitu vitatu ambavyo daktari wa majeruhi wa moto asingependa kuviona pamoja: gesi iliyo nzito kuliko hewa, kabati lililofungwa, na mota ya umeme.

Inafaa kukumbuka jinsi pwani hii ilivyokuwa ikipika. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, moto uliwekwa uani, nyuma ya vyumba vya kulala. Moshi wa kuni uliwaumiza wapishi macho na mapafu, na hakuna sababu ya kuutamani urudi. Lakini mpangilio ule ulikuwa na hekima moja: chochote kilichotoka motoni kilikuwa na anga juu yake na nafasi wazi pembeni yake. Jiko lilipohamia ndani, nafasi ile ilibaki nje. Anayefunga jiko la kisasa analazimika kuitengeneza upya kwa matundu, mabomba na madirisha.

Kuhama kwenyewe kuna sababu nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani kote katika mwaka 2020, vingi vikiwa vya wanawake na watoto waliokaa karibu na kuni, mkaa na mafuta ya taa. Tarehe 8 Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Gesi ya mitungi imebeba sehemu kubwa ya matumaini hayo. Kwa hiyo yanayoelezwa hapa hayamrudishi mtu kwenye kuni. Yanamhusu yule aliyekwisha kuamua, anayesubiri fundi wiki ijayo.

Gesi isiyopanda

Mazoea mengi ya jikoni yamefundishwa na moshi. Moshi hupanda, basi watu hufungua dirisha la juu, hutoboa matundu karibu na dari, huinua kichwa kutazama. Gesi ya mitungi haifuati mafunzo hayo. Ni mchanganyiko wa propani na butani; propani ina uzito wa takribani mara 1.5 ya hewa, na butani takribani mara 2. Ikivuja hushuka sakafuni, hutambaa kama maji, huingia chini ya makabati, hupita chini ya milango, huteremka kwenye karo na mashimo ya maji taka, na hukaa humo kimya mpaka ipate cheche.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wenye uzoefu. Gesi asilia inayochimbwa Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara huipata kwa bomba, karibu yote ni methani, na methani ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya hewa. Hiyo hupanda. Tundu la usalama la gesi asilia huwekwa juu, na la gesi ya mitungi huwekwa chini, usawa wa sakafu. Fundi aliyejifunzia kazi kwenye moja akaihamishia kanuni yake kwenye nyingine ataacha nyumba ikiwa na tundu zuri mahali pasipo na kazi. Bagamoyo hupikia gesi ya mitungi, na tundu lake ni la chini.

Kiasi kidogo hutosha kuleta madhara. Mtungi mdogo wa kilo 6, ule unaouzwa karibu kila duka la mtaani, ukimwagika wote hutoa takribani mita 3 za ujazo za mvuke wa gesi. Mvuke huo huweza kushika moto ukifikia asilimia 2 tu ya hewa ya chumba. Kwa hesabu hiyo, mtungi mmoja mdogo unatosha kuijaza hewa inayolipuka ya mita za ujazo 150, yaani vyumba viwili na nusu vyenye upana wa mita 4, urefu wa mita 5 na kimo cha mita 3. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, Embakasi, Nairobi, gesi iliyotoka kwenye lori ilisambaa mitaani kabla ya kuwaka, na zaidi ya watu 200 walijeruhiwa, wengi wao wakiwa majumbani mwao, mbali na lori lenyewe. Ajali ya nyumbani ni ndogo zaidi kwa kipimo, lakini mwendo wa gesi ni ule ule.

Sasa turudi kwenye kabati la kaunta. Katika nyumba nyingi mtungi huwekwa humo humo, kwa kuwa ndipo ulipofichika na ndipo mpira unapofika kwa urahisi. Katika jiko la kawaida hilo tayari ni kosa. Katika jiko lenye feni ya chini ni kosa maradufu, kwa kuwa mota ya feni na swichi yake viko sentimita chache kutoka kwenye regulata. Mota za kawaida za majumbani hazikutengenezwa kufanya kazi ndani ya gesi inayowaka. Mpira ukivuja usiku kucha, mlango wa kabati ukiwa umefungwa, anayeamka saa 11 alfajiri kuchemsha maji ya chai huweza kuanza kwa kubonyeza kitufe cha feni. Moto wa namna hiyo humpata mtu usoni na mikononi, akiwa ameinama.

Mahali pa mtungi ni nje ya nyumba. Husimamishwa wima juu ya zege, kwenye kivuli, ndani ya kizimba cha nondo au matofali ambacho sehemu yake ya chini imeachwa wazi ili gesi itoke. Miongozo ya Uingereza hutaka mtungi uwe angalau mita 1 kutoka kwenye mlango au dirisha, na mita 2 kutoka kwenye mtaro au shimo lililo wazi. Vipimo hivyo vinafaa kufuatwa hata hapa, ambapo karo la kuoshea vyombo mara nyingi liko ukutani papo hapo. Kutoka kwenye mtungi gesi huingia ndani kwa bomba la shaba lililopitishwa ukutani ndani ya bomba jingine kubwa zaidi, ili chokaa na saruji visiligusane. Mpira hutumika kwenye vipande vifupi tu vya mwanzo na mwisho. Karibu na jiko, mahali ambapo mkono unafika bila kupita juu ya moto, pawekwe vali ya kufungia. Na kabati la chini ya jiko, hata kama halina mtungi, litobolewe matundu mawili au matatu usawa wa sakafu, kwa sababu viungo vya bomba bado vimo humo.

Regulata ina kisa chake. Vali za mitungi ya kampuni mbalimbali hazifanani zote, na anayebadilisha kampuni kwa sababu ya bei hukuta regulata yake haishiki vizuri. Wengine hulazimisha kwa kufunga mpira wa baiskeli au gundi. Regulata inayofaa ni ile inayoingia yenyewe na kufunga kwa sauti ya kubana, bila msaada wa kitu kingine.

Jiko lenyewe nalo likaguliwe kabla ya kufungwa. Majiko mengi ya Ulaya hutoka kiwandani yakiwa na pua za gesi asilia, ambazo tundu lake ni pana zaidi, na ambazo hutegemea shinikizo dogo kuliko la gesi ya mitungi. Likiunganishwa na mtungi bila kubadilishwa pua hizo, hutoa miali mirefu ya manjano inayotia sufuria masizi. Pua za gesi ya mitungi kwa kawaida huja kwenye mfuko mdogo ndani ya boksi, mfuko ambao mara nyingi hutupwa pamoja na karatasi za plastiki. Mwenye nyumba aulizie mfuko huo kabla boksi halijachomwa.

Feni inayovuta kuelekea chini

Kifyonza moshi cha juu husaidiwa na maumbile: hewa ya moto hupanda yenyewe, na feni huipokea. Kile cha chini hushindana na maumbile. Lazima kiuvute mvuke kwa nguvu inayozidi nguvu yake ya kupanda, na nguvu hiyo hupungua haraka kadiri mtu anavyokwenda mbali na tundu la kuvutia. Kwa kikaango cha samaki au sufuria fupi ya mchuzi hufanya kazi vizuri. Kwa sufuria ya pilau ya watu kumi na tano, ambayo mdomo wake uko sentimita 25 au 30 juu ya kaunta, mvuke hupita juu yake bila kuguswa. Wauzaji hawalisemi sana hili, na katika pwani yenye shughuli, hitima na futari za pamoja, hilo ni jambo la kuulizia kabla ya kulipa.

Kuna jambo linalogusa usalama zaidi. Feni ikizungushwa kwa kasi kubwa karibu na moto wa gesi huuvuta moto pembeni. Mwali unaolazwa haupati hewa yake sawasawa, hupoa kwenye kitako cha sufuria, huanza kutoa kaboni monoksidi, na mara nyingine huzimika kabisa huku gesi ikiendelea kutoka. Kwa sababu hiyo jiko la aina hii lisinunuliwe bila kifaa kinachokata gesi chenyewe pindi moto unapozimika. Ni kile kijiti kidogo cha chuma kinachosimama kando ya kila tundu la moto. Kukijaribu ni rahisi: washa moto, uzime kwa kuupuliza, kisha usikilize. Ndani ya dakika moja gesi inapaswa kukatika kwa mlio mdogo. Na kasi ya feni iwe ile ambayo mwali unabaki umesimama, wa buluu, bila kuinama.

Hewa inayotolewa nje lazima irudishwe. Feni inayotoa mita za ujazo 600 kwa saa, ambayo si kubwa kwa majiko haya, huimaliza hewa ya jiko la mita 4 kwa 3 lenye kimo cha mita 3 kwa muda usiofika dakika 4. Ili hewa mpya iingie kwa mwendo wa taratibu wa mita 1 kwa sekunde, inahitajika nafasi wazi ya takribani sentimita 40 kwa 42, na hiyo si ndogo. Nyumba ya zamani yenye madirisha ya mbao na nafasi chini ya mlango ilikuwa na matundu hayo bila mtu kuyapanga. Nyumba mpya yenye madirisha ya alumini yaliyofungwa kwa ajili ya kiyoyozi haina. Feni ikikosa hewa ya kuingia kihalali huitafuta kwingine: kwenye bomba la choo, kwenye veranda ambako jenereta inanguruma, kwenye ukumbi wa nyuma ambako jiko la mkaa linachemsha maharage. Hewa ya huko huingia ndani ya nyumba kwa nguvu ya kifaa kile kile kilichonunuliwa ili kuisafisha.

Bomba la kutolea hewa hustahili fedha zaidi kuliko linavyopewa. Mafundi hupenda bomba la plastiki la maji taka kwa kuwa ni rahisi kupatikana na kukatwa. Mvuke wa kukaangia huacha mafuta ndani ya bomba, na mafuta yakishika moto plastiki huyeyuka na kuupeleka moto chini ya sakafu. Bomba liwe la chuma, lenye kipenyo kisichopungua sentimita 15 au kile alichotaja mtengenezaji, fupi, lenye kona chache. Linapopita chini ya sakafu liinamishwe kidogo ili maji na mafuta yasituame. Katika viwanja vya chini karibu na mikoko, ambako maji ya ardhini hayako mbali, ni afadhali lipite ndani ya makabati hadi ukutani kuliko kuzikwa. Mdomo wake wa nje usielekee baharini. Upepo wa bahari, uwe wa kaskazi au wa kusi, ukiukuta mdomo huo huirudisha hewa ndani, hata kama kuna kifuniko cha kufunguka upande mmoja. Na usielekee kilipo kizimba cha mtungi. Katika nyumba za kale za mjini Bagamoyo, ambazo ni sehemu ya urithi unaolindwa, ukuta hautobolewi kabla ya kuwaona wahusika wa malikale; tundu la sentimita 15 kwenye ukuta wa matumbawe halirudi.

Yapo majiko yasiyo na bomba kabisa. Huvuta hewa, huipitisha kwenye chujio la mkaa maalumu, na kuirudisha chumbani. Chujio hilo hupunguza harufu na mafuta. Haliondoi kaboni monoksidi. Kwa jiko la umeme mfumo huo huweza kutosha; kwa moto wa gesi haufai.

Halafu kuna umeme wenyewe. Unapokatika, feni husimama na gesi huendelea kuwaka. Jiko lililokuwa na njia moja tu ya kutolea hewa linabaki halina hata moja, saa ambayo madirisha yamefungwa dhidi ya mbu na mtu anapika kwa mwanga wa tochi. Hili peke yake linatosha kuamua kwamba feni ya chini, pwani ya Tanzania, ni nyongeza. Dirisha linalofunguka na tundu la chini linalopitisha hewa hutangulia, na vifungwe hata kama mchoraji wa ramani anasema vinaharibu sura ya nyumba.

Maumivu ya kichwa yasiyo malaria

Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hushikamana na himoglobini kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu hubaki ikizunguka bila kubeba inachopaswa kubeba. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na moyo kwenda mbio. Katika ukanda wenye malaria, orodha hiyo humpeleka mtu moja kwa moja kwenye kipimo cha malaria, na kipimo kikiwa hasi hupewa dawa ya maumivu akarudi nyumbani, kwenye jiko lile lile.

Maswali machache hubadilisha mwelekeo. Je, wameumwa watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja? Je, hawana homa? Je, hupata nafuu wakitoka nje au wakienda kazini, na kuumwa tena wakirudi jioni? Je, aliyezidiwa ni yule anayepika au mtoto anayebebwa mgongoni mwake? Mhudumu wa afya naye ana mtego wake: kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni hakitofautishi himoglobini yenye oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksidi. Huweza kusoma asilimia 98 kwa mgonjwa aliye hatarini. Tiba ni kumtoa kwenye hewa ile na kumpa oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa. Kwa hewa ya kawaida damu huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza sumu hiyo hadi nusu. Kwa oksijeni hiyo muda hushuka hadi kama saa 1 na nusu. Mama mjamzito huhitaji oksijeni kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa damu ya mtoto aliye tumboni huiachia sumu polepole kuliko yake.

Jiko la gesi lililo salama, lenye mwali wa buluu, hutoa kaboni monoksidi kidogo. Katika nyumba nyingi hatari kubwa zaidi hutoka kwa jirani yake. Familia haiachi mkaa siku inaponunua gesi. Maharage, makande na supu ya ng'ombe hubaki kwenye mkaa kwa sababu gesi ni ghali kwa vyakula vya muda mrefu, na siku ya mvua jiko la mkaa huingizwa ndani, mara nyingine likawekwa kando ya kaunta ili feni ivute moshi. Feni huvuta sehemu tu. Mkaa huonekana umetulia na kutotoa moshi wakati ule ule unapotoa kaboni monoksidi kwa wingi. Hakuna feni ya nyumbani inayoufanya ufae kuwekwa ndani.

Gesi hutoa pia naitrojeni dioksidi, inayochokoza njia za hewa za watoto wenye pumu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba watoto wa nyumba zinazopikia gesi walikuwa na hatari ya pumu iliyozidi kwa asilimia 42 ile ya wenzao. Tafiti hizo nyingi zilifanywa katika nchi ambazo mbadala wa gesi ni umeme. Mbadala ukiwa kuni, picha hugeuka. Katika jaribio kubwa lililohusisha wajawazito 3,200 wa Guatemala, India, Peru na Rwanda, waliopewa majiko ya gesi walivuta chembechembe za moshi takribani mikrogramu 24 kwa mita ya ujazo, dhidi ya takribani 71 kwa walioendelea na kuni. Ni punguzo kubwa, ingawa bado hewa yao ilizidi mikrogramu 15 ambazo Shirika la Afya Duniani huzitaja kuwa kiwango cha saa 24. Kukaanga samaki kwenye mafuta ya moto hutoa chembechembe zake pia, uwe moto wa aina yoyote.

Sabuni, chumvi na anayepika

Siku ya kwanza, kabla ya sufuria ya kwanza, kila kiungo kipakwe maji yenye povu la sabuni huku gesi ikiwa imefunguliwa na moto ukiwa umezimwa. Povu linalokua ni uvujaji. Kiberiti hakitumiki kwa kazi hiyo, ingawa bado wapo wanaokitumia. Zoezi lirudiwe kila mtungi unapobadilishwa, na pwani lirudiwe mara nyingi zaidi, kwa sababu hewa ya chumvi hula vibanio vya chuma vya mpira, kitako cha mtungi na chujio la feni. Kibanio chenye kutu hubadilishwa, hakipakwi rangi. Tarehe iliyochapwa kwenye mpira husomwa, na mpira uliopasuka juu juu au kuwa mgumu hutupwa hata kama tarehe haijafika.

King'ora cha gesi kiwekwe sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni. Kile cha kaboni monoksidi ni kifaa kingine, na huwekwa ukutani usawa wa uso wa mtu. Vikibadilishana mahali, cha gesi kitachelewa kulia.

Mara nyingi anayepika siye aliyenunua wala aliyekuwapo fundi alipokuwa akieleza. Ni dada wa kazi aliyefika mwezi uliopita kutoka kijiji kinachopikia kuni, na alichoonyeshwa ni namna ya kuwasha. Aonyeshwe vali ya mtungi ilipo nje, aifunge na kuifungua mwenyewe mara kadhaa. Aambiwe kwamba akisikia harufu asiguse swichi yoyote: feni ikiwa imezimwa isiwashwe, na ikiwa inazunguka iachwe izunguke, maana cheche hutoka pande zote mbili za kitufe. Afunge vali, afungue milango, kwa kuwa gesi iliyo sakafuni hutokea mlangoni kabla ya dirishani, awatoe watoto, na apige simu akiwa mbali na nyumba. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Aambiwe pia kwamba pua huzoea harufu. Kuacha kuisikia baada ya dakika chache si dalili kwamba imekwisha.

Moto ukiwa umempata mtu, maji safi ya baridi yanayotiririka, yasiyo ya barafu, hupitishwa juu ya kidonda kwa dakika 20. Yanasaidia hata yakianza ndani ya saa 3 tangu ajali, kwa hiyo aliyechelewa asiyaache. Pete, bangili na saa huvuliwa kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandana na ngozi haivutwi. Asali, yai, unga na dawa ya meno huficha kidonda na kumlazimisha muuguzi kukisugua upya. Kisha kidonda hufunikwa kwa kitambaa safi, au plastiki safi ya kufungia chakula, na mgonjwa hupelekwa hospitali, haraka zaidi akiwa ameungua usoni, sauti imekuwa ya kukwaruza, au nywele za puani zimeungua, kwa maana koo huweza kuvimba na kuziba baada ya saa chache hata kama anazungumza vizuri anapofika mapokezi. Atakayemsindikiza akumbuke kumwambia daktari mtungi ulikuwa wapi, kama madirisha yalikuwa yamefungwa, na kama ndani ya nyumba kulikuwa na mkaa unaowaka.